Jibu: Kikombe cha kulia cha baiskeli ya Peugeot ya miaka ya 1970 hakifunguki

Ndugu, umesema umekizungusha kikombe cha upande wa cheni (kile chenye thredi kinachoshika gololi za ekseli ya pedeli kwenye fremu) kwa mwelekeo wa saa, kama baiskeli za Kiingereza, na kimegoma. Acha kabisa, unakikaza! Thredi ya Kifaransa ni 35 × 1 mm na vikombe vyote viwili hufunguka kinyume cha saa. Ila soma kwanza maandishi kwenye kikombe: baadhi ya baiskeli za Motobécane, na Peugeot za mwisho wa muongo huo, zina thredi ya Kiswisi. Kipimo ni kilekile, lakini kikombe cha kulia hufunguka kwa mwelekeo wa saa.

Toa kikombe cha kushoto, ekseli na gololi. Mwagia mafuta ya kupenya, uache usiku kucha. Pitisha boliti ya mm 14 kwenye tundu la kikombe, kichwa kikiwa ndani ya fremu, weka washa (pete ya chuma) nene pande zote mbili za kikombe, nati nje. Ya ndani iwe ya shaba, isikwaruze njia ya gololi. Ingiza soketi ya mm 22 kutokea kushoto, ukaze kwa mwelekeo wa saa ukitazama upande huohuo. Boliti ikishabana, endelea tu. Kikombe kitafuata, na ukikitazama kutoka kulia huko ni kinyume cha saa, ndiko kufungua kwa thredi ya Kifaransa. Kikiwa kizima, usikitupe, vipya ni adimu.

Pedeli za kisasa usizilazimishe: thredi ya mikono ya pedeli ya Kifaransa ni 14 × 1.25 mm, utakula thredi ya alumini. Shina la usukani nalo ni mm 22.0, la 22.2 litakwama.