Avoka awe wa mama, si wako

"Tantine, jambo. Sisi ni watoto watano, mimi wa tatu. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Alipotoka kazini mwaka 2003 na wale wa kuondoka kwa hiari, pesa aliyopewa aliijengea vyumba vya kupangisha kwenye parsele yetu, kiwanja chetu cha Katuba, hapa Lubumbashi. Alifariki 2011. Mama ana miaka 79, anaishi palepale, anakula kwa kodi ya wapangaji. Tangu mwaka jana kaka yetu mkubwa ndiye anayeipokea. Mwezi uliopita alikuja na karatasi ya Kifaransa, mama akatia kidole. Nilipoisoma nikakuta ni prokirasio ya kuuza, yaani inampa kaka ruhusa ya kuuza parsele kwa niaba ya mama. Mama anasahau siku hizi, hata majina ya wajukuu, lakini kuna siku akili yake ni safi kuliko yangu. Nataka kuweka avoka, wakili wa kututetea. Wadogo zangu wanasema nafungua urithi mama angali hai, namwitia kifo. Nifanyeje? Wa Tatu, Ruashi."

Binti yangu Wa Tatu,

Hilo la kumwitia mama kifo tulimalize kwanza, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hukuniambia parsele iko kwa jina la nani, ila kwa namna ulivyoandika, nadhani bado ni jina la marehemu baba. Basi urithi unaosubiri kufunguliwa ni wa baba, na baba hayupo tangu 2011. Mama katika habari hii ni mjane mwenye haki zake, hakuna anayemzika. Waambie wadogo zako hivyo, kwa sauti ya chini, halafu uone nani atajibu.

Sasa avoka. Umeandika "nataka kuweka avoka". Wewe unataka. Mama je? Sikuuliza kwa kukuchokoza. Ukienda na avoka wako, kaka yako atakwenda na wake, na mama atakaa katikati ya maavoka wawili wa watoto wake, yeye mwenyewe hana hata mmoja. Pesa waweza kutoa wewe, au mchange, hakuna ubaya. Lakini jina la mteja liwe la mama, na avoka apokee maagizo kutoka kinywani mwake. Anayeijua kazi hii, siku ya kwanza kabisa atakuomba utoke nje ili abaki naye peke yake. Usinune. Akikuacha ukae pale unajibu kila swali kwa niaba ya mama, jua amekwisha kukufanya wewe mteja, na siku mama akitaka jambo usilolitaka, atakusikiliza wewe.

Na siku hiyo yaweza kuja. Huenda mama akasema: nilitia kidole nikijua, nimechoka na wapangaji, nataka niende kukaa kwa binti yangu wa kwanza. Utafanya nini hapo? Ukiwa unamtetea mama, utabadilisha mipango. Ukiwa unatetea parsele, utagundua siku hiyohiyo. Kaa naye asubuhi moja ambayo kichwa chake kimetulia, bila kaka, bila wadogo zako, umuulize: ile karatasi ilisema nini? Usimwambie wewe ilisema nini. Msikilize tu.

Karatasi yenyewe inakuogopesha kuliko nguvu iliyo nayo. Prokirasio ya jumla haitoshi kuuza nyumba. Ya kuuza lazima iseme wazi kwamba ni ya kuuza, na hiyo, kwa bahati mbaya, umeona inasema. Hata hivyo mama anaweza kuifuta siku yoyote anapotaka, kwa maandishi, na kaka yako apewe taarifa. Isitoshe, mama hawezi kumpa mtu ruhusa ya kuuza kitu kisicho chake peke yake. Na mtu aliyetia kidole kwenye Kifaransa asichokisoma, hakuna aliyemsomea kwa Kiswahili, hilo nalo avoka atalishika.

Ila usikae ukajifariji na hayo. Kwetu Kongo ardhi ni ya Serikali, na mwenye haki ya kujenga na kukaa anaionyesha kwa sertifika inayotolewa na mhifadhi wa Titres immobiliers, ofisi ya Serikali ya hati za ardhi. Ndivyo sheria ya ardhi ya Julai 1973 inavyotaka. Sheria hiyohiyo inasema sertifika ikipita miaka miwili haishambuliwi tena. Mtu akiipata kwa hila na miaka hiyo miwili ikapita, unabaki kudai fidia ya pesa, nyumba imekwenda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya avoka, hata kabla ya maneno ya familia, ni kwenda Titres immobiliers kuona parsele imeandikwa kwa nani leo, na kuwasilisha barua ya mama ya kufuta ile prokirasio. Mkigundua kwamba nyumbani kuna kitabu cha zamani cha parsele tu na sertifika haikutolewa kamwe, msishangae. Katuba nzima imejaa hali hiyo.

Kuhusu kaka yako, najua hutapenda nitakayosema. Marehemu asipoacha wosia, Kanuni yetu ya Familia inampa mkubwa wa warithi kazi ya kusimamia mirathi, na tribunali, yaani mahakama, inamthibitisha au inamweka mwingine. Kwa hiyo anaposema "mimi ndiye mkubwa", hasemi uongo. Uongo unaanza anapofikiri msimamizi ni mwenye mali. Msimamizi anahesabu, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Kodi ya mwaka mzima iko wapi? Swali hilo ulizeni kwenye baraza la familia, na katibu aandike majibu, maana ule muhtasari wenye sahihi ndio tribunali itakaouomba kwanza. Usimwite mwizi mbele ya baba zako wadogo. Akishaitwa mwizi hadharani hatarudi kwenye hesabu, atarudi na avoka mkali.

Mama anapata nini? Kuna mambo mawili ambayo wajane wengi wa mji huu hawaambiwi. Kama mali ya ndoa ilikuwa ya pamoja, nusu ya kile walichochuma wote wawili ni yake tayari. Hairithiwi, ni yake. Avoka atataka kujua waliandikisha ndoa lini na kwa utaratibu gani, basi tafuta karatasi ya ndoa leo. Kinachobaki ndicho mirathi ya baba: robo tatu ni ya watoto, wa ndoa na wa nje waliotambuliwa, na robo ni ya kundi la pili ambamo mama yumo pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. (Ndiyo, baba mdogo ambaye hajaonekana tangu matanga anaweza kutokea siku hiyo, amevaa suti.) La pili ni kubwa kuliko asilimia zote: mjane ana haki ya kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja na vyombo vilivyomo. Hafukuzwi na mtoto, wala na mnunuzi aliyeletwa na mtoto. Hesabu ya vyumba vya kupangisha ni jambo la peke yake, mwachie avoka.

Utampata wapi huyo avoka? Si kwa wale vijana wanaosimama karibu na Palais de justice wakikuita "mama, una kesi?". Hao ni makomisionere, madalali wa kutafuta wateja. Nenda ofisi ya Baro, chama cha maavoka, uulize kama jina ulilopewa liko kwenye orodha yao, na kama ni avoka kamili au bado yuko stage, mafunzoni. Wa stage si mbaya, wengine wana bidii kuliko wakubwa wao, ila ujue nani anamsimamia. Sheria ya Septemba 1979 inawatambua pia watetezi wa mahakama, ambao bei yao huwa chini; kwa tribunali ya amani wanatosha, kesi ikipanda hadi Korti ya Rufani hawatapanda nayo. Mkiwa hamna kitu kabisa, Baro ina ofisi ya ushauri wa bure. Mama mwenye vyumba vya kupangisha huenda asihesabiwe maskini, lakini kuuliza hakulipiwi.

Muulize amekwisha kushika mirathi ngapi, si kesi ngapi. Mzuri wa jinai ataipeleka familia yenu polisi kabla hamjakaa mezani. Bei iandikwe: ya kufungua dosie (faili la kesi) ni kiasi gani, ya kila kikao ni kiasi gani, gharama za tribunali ziko ndani au nje, na kila dola iwe na risiti kwa jina la mama. Akikuambia "msinilipe sasa, mtanipa kipande cha parsele tukishinda", mshukuru, usimame, utoke. Huyo anataka kuwa mtoto wa sita.

Nimeacha hili la kusahau mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo watu wanalikimbilia kwanza. Kanuni ya Familia inaruhusu mtu mzima aliyedhoofishwa na uzee au ugonjwa awekewe kuratere na tribunali, wa kumsaidia ili asifanye mambo mazito peke yake. Ni kinga nzuri kwa anayeihitaji. Lakini ukiiomba leo, umeisaidia kesi ya kaka yako: atasema kama mama hana akili ya kutia kidole, basi hana akili ya kufuta kidole. Mpeleke kwanza kwa daktari, siku yake nzuri, upate cheti kinachosema hali yake. Akiwa bado anajua anachotaka, afute prokirasio sasa. Akitaka pia kuacha wosia kwa kilicho chake, uwe mbele ya notere, ofisa anayethibitisha hati, au ofisa wa hali ya kiraia, maana wosia wa mkono unatakiwa uandikwe wote na mwenyewe, na mama anatia kidole. Kuratere mtamfikiria baadaye, siku nzuri zikiwa chache kweli.

Kaka yako akisikia mnakwenda kwa avoka akasema naye anakuja, mkaribishe. Lakini aje mara ya pili. Mara ya kwanza ni mama peke yake, na wewe nje kwenye benchi.