Wasomaji Wauliza: Majengo Mashuhuri Hujengwaje?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu usanifu na ujenzi. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa jambo ambalo maelezo mengi ya majengo hulipita haraka: umbo la jengo na njia ya kulijenga huamuliwa pamoja, na mara nyingi njia ndiyo inayoshinda.

Swali: Ndugu Mhariri, ninajiandaa kusomea usanifu majengo. Kila nisomapo habari za jengo mashuhuri hukuta jina la mtu mmoja, kana kwamba yeye alichora na wengine wote wakatii. Je, ndivyo ilivyo? (Mwanafunzi wa kidato cha sita)

Jibu: Sivyo, na mfano mzuri ni Jumba la Opera la Sydney, Australia. Jørn Utzon, msanifu kutoka Denmark, alitangazwa mshindi wa shindano la usanifu mwaka 1957. Michoro yake ilionyesha mapaa yaliyotuna kama matanga, lakini haikueleza mpindo wa mapaa hayo unafuata kanuni gani ya hesabu. Umbo lisilo na kanuni humtesa mhandisi anayekokotoa nguvu zinazopita ndani yake, na humtesa zaidi fundi, kwa sababu kila kipande cha zege kingetofautiana na jirani yake na kila kalibu, yaani umbo la kumwagia zege, ingetumika mara moja tu kisha itupwe.

Utzon na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walijaribu umbo baada ya umbo, hadi mwaka 1961 ulipopatikana ufumbuzi: mapaa yote yakatwe kutoka katika uso wa tufe moja lenye nusu kipenyo ya mita 75, kama vipande vya ganda la chungwa moja. Kwa kuwa mpindo wa tufe ni ule ule kila mahali, vipande vya mbavu za paa viliweza kumwagwa chini katika kalibu zinazorudiwa, vikapandishwa kwa kreni na kuungwa huko juu. Vigae, ambavyo ni zaidi ya milioni moja, navyo vilipangwa kwanza chini juu ya mabamba ya zege, ndipo mabamba hayo yakafungwa kwenye mbavu, badala ya mafundi kuning'inia kwenye mteremko wakibandika kigae kimoja kimoja. Linganisha michoro ya shindano na jengo lenyewe: mapaa ya kwenye karatasi yamelala zaidi, na yaliyojengwa yamesimama zaidi. Tofauti hiyo imeletwa na kalibu.

Wakati huo huo ujenzi wa sehemu ya chini ulikwisha kuanza tangu mwaka 1959, kabla paa halijapatiwa ufumbuzi, na baadhi ya nguzo zilizokwisha kusimamishwa zilionekana baadaye kuwa dhaifu mno kwa mzigo uliokusudiwa, ikabidi zijengwe upya. Utzon alijiuzulu mwaka 1966 baada ya mvutano na serikali, na wasanifu wengine, Peter Hall akiongoza usanifu, wakakamilisha sehemu za ndani. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973 likiwa limegharimu dola za Australia milioni 102, ilhali makadirio ya awali yalikuwa milioni 7. Lawama za fedha hizo hutwishwa Utzon mara nyingi. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ni ya wale walioamuru kazi ianze kabla michoro haijaiva.

Hata Mnara wa Eiffel haukuanzia mkononi mwa Gustave Eiffel. Mchoro wa kwanza wa mwaka 1884 ni wa Maurice Koechlin na Émile Nouguier, wahandisi wa kampuni yake, na msanifu Stephen Sauvestre ndiye aliyeongeza matao ya mapambo yanayoonekana chini.

Swali: Mimi ni fundi mwashi. Hata tao dogo la mlango hunilazimu kuweka kiunzi cha mbao chini yake mpaka udongo wa kujengea ushike. Watu wa kale walijengaje makuba makubwa juu kiasi kile?

Jibu: Wengi walifanya kama ufanyavyo wewe, fundi, ila kwa mbao nyingi zaidi. Aliyeikwepa njia hiyo ni Filippo Brunelleschi, mfua dhahabu wa Florence, Italia. Kanisa kuu la mji huo lilikuwa limebaki na uwazi wa zaidi ya mita 40 usioezekwa, ulioanzia zaidi ya mita 50 kutoka sakafuni, na kiunzi cha kuujaza kingehitaji miti mingi mno. Brunelleschi alijenga kuba hilo kuanzia mwaka 1420 hadi 1436 bila kiunzi cha kutoka chini.

Alijenga maganda mawili, la ndani nene na la nje jembamba, yakiwa yameunganishwa kwa mbavu, ili uzito upungue bila kupoteza nguvu. Ujanja unaokuhusu wewe zaidi ni wa matofali. Unajua kwamba tofali lililolazwa kwenye mwinamo mkali huteleza kabla chokaa haijashika. Katika kila mstari, kila baada ya matofali kadhaa ya kulala, aliweka moja la kusimama, lililojitokeza juu ya mstari huo na kuubana mstari unaofuata pande zote mbili. Matofali hayo ya kusimama yanapanda kwa mshazari kuzunguka kuba, kama mifupa ya samaki. Mstari ulipokamilika kuzunguka kuba zima, ulikuwa pete iliyojibana yenyewe, na mafundi wakausimamia kujenga mwingine. Kwa kuwa kuba husukuma nje sehemu yake ya chini, alizika humo minyororo ya mawe yaliyofungwa kwa chuma, pamoja na mmoja wa mbao, ili kulikaza.

Swali: Kwa nini majengo marefu sana hayaangushwi na upepo?

Jibu: Hatari kubwa haiko katika msukumo wa moja kwa moja tu. Upepo ukipita kando ya mnara huacha nyuma yake visulisuli vinavyoachia upande huu, kisha upande ule, na vikipatana na mwendo wa asili wa mnara, huuyumbisha zaidi na zaidi. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, hubadilisha umbo kadiri inavyopanda, hivyo visulisuli haviwezi kujipanga kwa mwendo mmoja. Nao wahandisi waliugeuza mwelekeo wake baada ya kujaribu mifano midogo katika mahandaki ya majaribio yanayopulizwa upepo. Taipei 101, jengo refu la Taiwan, ina dawa nyingine: tufe la chuma la tani 660 lililoning'inizwa karibu na kilele, ambalo hubembea kinyume cha jengo na kulipunguzia kuyumba.

Swali: Mimi si mhandisi. Nikisimama mbele ya jengo mashuhuri, nianzie wapi kulielewa?

Jibu: Jiulize uzito wa paa unafikaje ardhini, kisha ufuate njia hiyo kwa macho. Katika kanisa la Notre-Dame la Paris, kwa mfano, utaona kuta zilizojaa madirisha makubwa, na utashangaa nini kinachozuia dari ya mawe isizisukume nje. Zunguka upande wa nje, utakuta mikono ya mawe inayoegemea kuta hizo na kupokea msukumo.

Hatua ya pili ni kutafuta picha za wakati wa ujenzi, ambazo sisi tunazithamini kuliko za jengo lililokamilika. Miguu minne ya Mnara wa Eiffel ilijengwa ikiwa imeinamia ndani, na ilipaswa kukutana sawasawa kwenye ghorofa ya kwanza. Ili kurekebisha kasoro ndogo, mafundi waliweka jeki za nguvu ya maji kwenye nyayo za miguu hiyo, na masanduku ya mchanga juu ya majukwaa yaliyoishikilia: mguu ulipokuwa juu mno, mchanga ulipunguzwa nao ukashuka taratibu. Kazi ilipokwisha jeki ziliondolewa, kabari za kudumu zikachukua nafasi yake, na ndiyo maana picha za leo haziwezi kukuonyesha jambo hilo.