Olga wa Ugiriki: je, mke wa mfalme anaweza kurithi kiti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha historia sekondari. Nasoma kwamba Olga, mzaliwa wa ukoo wa kifalme wa Urusi, aliolewa na Mfalme George wa Kwanza wa Ugiriki, aliyeuawa mwaka 1913. Mbona mwaka 1920 anatajwa kuwa mkuu wa nchi? Alirithi kiti cha mumewe?

JIBU: Marahaba. Hakurithi. Mke wa mfalme hupata cheo na heshima kwa ndoa, mamlaka hapati. George alipopigwa risasi Thessaloniki, kiti kilikwenda kwa mwanawe Constantine. Olga akabaki malkia mjane, akarudi Urusi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akawauguza majeruhi Pavlovsk, kwenye kasri alikozaliwa mwaka 1851.

Ya mwaka 1920 yana kisa chake. Constantine aliondolewa mwaka 1917 akaenda uhamishoni, kiti akapewa mwanawe Alexander. Oktoba 1920 Alexander aling'atwa na kima katika bustani ya Tatoi, makazi ya kifalme, kidonda kikaingia sumu. Serikali ya waziri mkuu Venizelos, mpinzani wa Constantine, ilikataa wazazi wake wasikanyage Ugiriki. Ikamruhusu bibi peke yake. Bahari ilichafuka njiani, na Olga alifika mjukuu amekwisha kukata roho saa chache tu.

Lakini sasa alikuwa Athens. Novemba Venizelos akashindwa uchaguzi. Serikali mpya ya waziri mkuu Rallis ilitaka Constantine arudi, ila kwanza wananchi wapige kura ya maoni, na katikati hapo lazima awepo mtu wa kushika nafasi ya mfalme. Ndipo Olga alipoteuliwa kuwa kaimu. Alikaa takriban mwezi mmoja, hadi mwanawe aliporejea tarehe 19 Desemba. Yale madaraka aliyapata kwa uteuzi, si kwa ndoa wala damu.

Ukitaka wanafunzi waone hali ya mke wa mfalme ilivyo, wape mwaka 1901. Katika vita vya 1897 kati ya Ugiriki na Uturuki, Olga aligundua kwamba askari majeruhi hawaielewi Injili kwa Kigiriki cha kale. Akamwagiza katibu wake aiandike kwa lugha nyepesi. Sinodi, yaani baraza la maaskofu wa Kanisa, ikakataa, yeye akaichapisha. Mwaka huohuo wa 1901 gazeti moja likatoa tafsiri nyingine, na Novemba Athens ikalipuka kwa ghasia za kupinga tafsiri hizo: watu 8 wakafa, askofu mkuu na waziri mkuu wakajiuzulu. Olga, aliyewasili mwaka 1867 akiwa bibi harusi wa miaka 16 aliyevaa bluu na nyeupe, rangi za Ugiriki, akashukiwa kuwatumikia Waslavi, jamii ya Warusi wenzake. Nasikitika kila nikisoma habari hizi, maana nia yake ilikuwa njema kabisa.

Na wakiuliza kwetu anajulikanaje, Philip, mume wa Elizabeth wa Pili, aliyekuwa naye Sagana, Kenya, Februari 1952 alipopata habari kwamba amekuwa malkia, alikuwa mjukuu wa Olga. Naye pia alikuwa mwenzi tu wa mtawala. Hakuitwa mfalme hata siku moja.