Tuanze na Kinachopotea Kwanza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza iwapo chama cha nasaba cha mtaa, yaani kikundi cha watu wanaotafiti koo zao, kinapopanga shughuli za mwaka ujao, kianze na mihadhara, ziara za hifadhi za nyaraka au vipimo vya vinasaba (DNA). Jibu langu ni kwamba kisianze na lolote kati ya hayo.

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya chama cha aina hiyo na najua ratiba zetu hutungwa vipi: huulizwa mtoa mada gani anapatikana mwezi gani, nafasi kumi na mbili zikajazwa, kazi ikahesabiwa imekwisha. Mwaka mmoja tulipanga mahojiano na wazee mwezi wa kumi, kwa sababu tu ndio uliobaki wazi. Ulipofika, wawili tuliowakusudia walikuwa wamekwisha kufariki, na wa tatu, ambaye mwanzoni mwa mwaka aliweza kuwataja nduguze wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, hakuweza tena kuwatofautisha. Rejesta za hifadhi ya nyaraka tulizozikimbilia mwezi wa pili zingali palepale hadi leo.

Tangu hapo naamini kwamba ratiba ya mwaka ifuate jinsi ushahidi unavyopotea, na kinachowahi kupotea ni kumbukumbu ya mtu aliye hai. Miezi mitatu au minne ya kwanza iwe ya wazee peke yao. Wanachama waende wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akisimamia kinasasauti, na wasianze kwa kuuliza tarehe, maana mzee anayeulizwa mwaka hujiona yuko kwenye mtihani akafunga mdomo. Waende na picha za zamani, waulize ni nani waliolala nyumba moja, ni nani alilelewa na shangazi, ni nani aliyeitwa kwa jina la utani hata jina lake halisi likasahaulika. Waulize hasa habari za kina mama na kina bibi, kwa kuwa nyaraka nyingi humwandika mke kwa jina la mumewe, na ukoo aliotoka ukabaki vinywani mwa wachache. Idhini itafutwe kabla ya kurekodi, na nakala irudishwe kwa familia. Maandishi ya mazungumzo nayo yakamilishwe ndani ya wiki mbili, kwani sauti iliyolala kwenye simu ya mtu mmoja haiko salama hata kidogo. Mambo ya watu walio hai, kama vile mtoto asiyejua kwamba alilelewa tu, yasitoke nje ya faili.

Baada ya wazee yafuate makaburi, katika miezi isiyo na mvua na kwa ruhusa ya wenye eneo. Hapa nina ugomvi mdogo na wenzangu wapenda usafi. Jiwe halisuguliwi kwa brashi ya waya, halimwagiwi dawa ya kung'arisha nguo wala halipakwi chaki ili lisomeke. Maji na brashi laini vinatosha, na herufi zilizofifia huonekana kwa kuelekeza mwanga wa kioo ubavuni mwa jiwe, kila mchongo ukatoa kivuli chake. Maandishi yanakiliwe kama yalivyo, pamoja na makosa yake, na ichorwe ramani ya nani amezikwa jirani na nani, kwa sababu ujirani wa makaburi mara nyingi ni ushahidi wa undugu.

Nyaraka zinaweza kungoja nusu ya pili ya mwaka, ingawa nazo si za milele: fomu za kaya za sensa ya Uingereza na Wales ya 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942. Nyingine bado zimefungwa kisheria. Marekani hufungua sensa baada ya miaka 72, ndiyo maana ile ya 1950 ilianza kusomwa Aprili 2022. Warsha moja itoshe kuwafundisha wageni mitego ya tarehe, kwa mfano kwamba nchini Uingereza, kabla ya 1752, mwaka ulihesabiwa kuanza Machi 25, kwa hiyo mtoto aliyeandikwa kubatizwa Februari 1700 kwa hesabu yetu alibatizwa 1701. Warsha hiyohiyo ifundishe namna ya kuwapa wahenga namba: wewe ni 1, baba ni namba yako mara mbili, mama ni hiyo ukiongeza moja. Mtindo huu ulichapishwa tangu 1590, na haujapata mshindani kwa wepesi.

Vinasaba niviweke mwisho. Neno lenyewe kwa Kiswahili limezaliwa na nasaba, na pengine ndiyo sababu watu hudhani kipimo kitawaletea ukoo mzima. Watoto wa ndugu wawili hushirikiana takriban asilimia 12.5 ya vinasaba, lakini wanaokutana kwa babu wa babu zao huenda wasionyeshe ushirika wowote kwenye kipimo, kiasi cha jozi moja katika kila kumi. Asiye na majina ya wazee hataweza kuyatafsiri majibu hayo, na aliye nayo anaweza kukuta siri ambayo hakujiandaa kuipokea. Chama kieleze kipimo kinavyofanya kazi, kisha uamuzi kimwachie mtu na familia yake.

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha mwaka kisiwe na mhadhara. Kila mwanachama aje na jina la mtu mzee kuliko wote katika ukoo wake, na kabla ya kutawanyika iandikwe ni nani atakwenda kwake, siku gani, na ni nani atakayebeba kinasasauti.