Maswali yenu ya Chagas: damu kuonekana safi siyo kupona

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu Chagas, ugonjwa wa kule Amerika ya Kusini na Kati, nimechukua maswali manne.

Wifi yangu ni mtu wa Bolivia, kaolewa na kaka yetu wanakaa Mbezi. Kabla hajaja alipimwa antibodi (kinga ambazo mwili unatengeneza dhidi ya kimelea) mara mbili akaambiwa ana Chagas, halafu PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya kimelea kwenye damu, ikasema hana. Tushike lipi? Ana mimba ya miezi mitano. (Dada wa Sinza)

Dada yangu, shikeni la antibodi. Huyu kimelea, Trypanosoma cruzi, miezi miwili hivi ya mwanzo anajaa kwenye damu mpaka unamuona kwenye darubini anachezacheza. Baadaye kinga ya mwili inambana, anahamia kwenye misuli ya moyo, utumbo, hata kwenye mafuta, na damuni anatokea kwa vipindi, leo yupo kesho hayupo. Sasa chukua kile kichupa cha kifuniko cha zambarau, mililita 5 za damu, kama dakika ile hakuna kimelea wala kipande cha vinasaba vyake kilichoingia humo mashine itasema hamna, na wala mashine haijakosea. Ndo maana ugonjwa ukishakuwa sugu watu wanapimwa antibodi kwa njia mbili tofauti. PCR ikisema yupo, yupo kweli, ikisema hayupo usishangilie.

Kliniki waambieni mapema jamani, na msichoke kueleza maana wahudumu wengi hapa hawajawahi kukutana nayo. Dawa hapewi akiwa mjamzito. Mtoto akizaliwa apimwe damu, akionekana hana arudie antibodi akishafika miezi 8 au zaidi, kabla ya hapo anakuwa bado na za mama. Akikutwa nayo akatibiwa ndani ya mwaka wa kwanza, uwezekano wa kupona unapita asilimia 90, kwa hiyo tafadhali sana msilipuuze hili. Na wifi asichangie damu.

Kwanini mwingine anaumwa moyo, mwingine utumbo, na wengi hawaumwi kitu? (Msomaji, Temeke)

Karibu theluthi moja ya wagonjwa sugu moyo unaharibika, wachache zaidi umio au utumbo mpana unatanuka, waliobaki wanaweza kuishi miaka na miaka bila dalili. Sababu mojawapo inayochunguzwa ni kwamba kimelea huyu hana sura moja, vinasaba vyake vimegawanywa makundi sita, TcI mpaka TcVI, na la saba linalopatikana kwa popo. TcI imetawala kuanzia Amazon kwenda juu mpaka Amerika ya Kati, na huko shida kubwa ni moyo. Kusini, yaani Argentina, Bolivia na sehemu kubwa ya Brazil, unakuta zaidi TcII, TcV na TcVI, na huko ndo matatizo ya utumbo yanaonekana zaidi. TcV na TcVI zenyewe ni machotara wa TcII na TcIII! Ila msikimbilie kusema kundi fulani ndo moyo basi, maana mtu mmoja anaweza kubeba makundi mawili kwa pamoja, na lililoko kwenye damu lisiwe lile linalotafuna moyo. Na kinga ya mtu mwenyewe ina sehemu yake kubwa tu.

Si ndo malale hii? (Kaka wa Kigamboni)

Ni ndugu, siyo yenyewe. Malale yetu inaletwa na mbung'o anapouma. Chagas inaletwa na mdudu mkubwa kuliko kunguni, anajificha kwenye nyufa za kuta, usiku anakunyonya halafu anakunya hapohapo, ukijikuna kinyesi kinaingia kwenye kidonda.

Dawa ipo? (Mama wa Mbagala)

Shikamoo mama. Ipo, benznidazole, kwa kawaida siku 60, na nyingine nifurtimox. Zinafanya kazi vizuri mapema. Mwaka 2015 yalitoka majibu ya utafiti wa BENEFIT, wagonjwa 2,854 ambao moyo ulishaathirika, vimelea vikapungua kwenye damu lakini moyo uliendelea kuharibika vilevile kama kwa wasiopewa dawa. Na damu ilisafika zaidi Brazil kuliko Colombia na El Salvador, watafiti wengi wanahisi tofauti ya makundi ya kimelea inahusika, ingawa haijathibitishwa. Kwa hiyo mtu mzima ambaye moyo haujaguswa ajadiliane na daktari wake kuhusu dawa sasa hivi, na apige ECG, kipimo kinachochora mapigo ya moyo kwenye karatasi, kila mwaka hata kama hasikii chochote, maana mapigo huanza kuvurugika kwenye karatasi kabla mwenyewe hajajisikia vibaya.