Mliouliza kaka yangu alikuwa anafanya nini Marekani

"Miaka 21 Marekani, na hata banda la kuku hana!"

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, siku ya pili ya msiba, nyuma ya jiko, kina mama wakimenya ndizi. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nikapita kama sijasikia, nikaenda kusimama migombani mpaka nilipoona naweza kurudi mbele za watu. Jioni ile baba mdogo akaniita pembeni ya turubai, akaniuliza swali hilohilo kwa adabu: "Mwanangu, hivi kaka yako huko alikuwa anashughulika na nini hasa?" Nikamjibu, "Alikuwa hospitali, baba." Ndilo jibu alilolitoa kaka mwenyewe miaka yote, nami nikalirudia kaburi lake likiwa bado linachimbwa.

Sasa nimerudi Minnesota na arobaini imepita. Baba mdogo, shangazi, wajomba, majirani wa Machame mliokesha nasi, na ninyi wadogo zangu mnaoniandikia kila wiki "dada, nivushe": safari hii nawajibu kweli.

Kaka alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee. Kazi yenyewe ni kumgeuza mzee kitandani kila baada ya saa 2 asiote vidonda, kumbadilisha nepi, kumwogesha, kumlisha kijiko kwa kijiko, na akifariki usiku kumwosha na kumfunika kabla watoto wake hawajafika. Mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwenye diploma yake, mtoto wa kwanza wa kiume wa baba yetu. Alipata grinikadi kwa bahati nasibu ya viza mwaka 2003, akiwa na miaka 30, na alipofika huku cheti chake cha ualimu hakikumfungulia mlango hata mmoja. Miaka miwili ya kwanza alipanga mizigo ghalani usiku. Ule utani wenu kwetu wa huku, "kubeba maboksi", yeye aliyabeba kwelikweli, mpaka mgongo ukamkatalia. Ndipo akasomea kozi fupi ya kutunza wazee.

Mwanaume wa Kichagga ataanzaje kumwambia baba yake kwamba anabadilisha watu nepi? Akasema "hospitali". Lakini nataka mjue kwamba kazi ile aliifanya kwa heshima. Wazee wengi wa huku ni wa asili ya Norway na Ujerumani, watu waliolima mahindi na kufuga ng'ombe maisha yao yote. Kaka akawa anakaa nao wanaongea mambo ya maziwa, ng'ombe kuvimba tumbo, mvua kuchelewa. Kulikuwa na mzee mmoja hakubali kuogeshwa na mtu mwingine yeyote, anasubiri mpaka zamu ya kaka ifike. Kwenye ibada tuliyofanya huku kabla ya kusafirisha mwili, binti wa mzee huyo alikuja na mumewe, wakakaa viti vya mwisho. Akaniambia baba yake alikufa akiwa ameshikwa mkono na kaka yangu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado yuko njiani kwenye theluji. Hilo mlipaswa kulisikia pale turubaini, na mimi sikulisema.

Theluji nayo niisemee kidogo. Sisi tuliokulia chini ya Kibo tulidhani theluji ni pambo la mlima, unaitazama asubuhi ukienda shule basi. Januari 30, 2019, Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, baridi ambayo posta yenyewe ya Marekani ilisimamisha kusambaza barua kwa sababu mtu akikaa nje dakika chache ngozi inakufa. Kaka alikwenda kazini siku ile, maana wazee hawaachwi. Na mwaka 2020, korona ilipoingia kwenye nyumba za wazee na kuua wengi kuliko mahali pengine popote katika jimbo hili, alihamia chumba cha chini ya nyumba yake asije akawaambukiza watoto. Wiki kadhaa watoto wanamwandikia karatasi, wanazipenyeza chini ya mlango.

Wifi yangu na kaka walioana Machame mwaka 2005, wakasubiriana miaka minne mpaka makaratasi ya wifi yalipokamilika. Mkitazama picha za harusi mnasema walikuwa na maisha mazuri. Nami nasema walipendana sana, ila hawakuwa na muda wa kuonana. Kaka alifanya zamu za usiku, wifi za mchana, ili pasiwe na haja ya kumlipa mtu wa kulea, maana kulelewa mtoto huku kunaweza kumeza mshahara mzima wa mzazi mmoja. Walikabidhiana watoto mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokifanya kila asubuhi ya baridi. Akifika kutoka zamu, kabla hajaingia ndani, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari la wifi, analiwasha lipate joto, ndipo anapanda ngazi. Tuliporudi kutoka kuzika, asubuhi ya kwanza ya wifi kurudi kazini, nilimkuta amesimama nje na ufunguo mkononi, gari jeupe lote. Akaniuliza, "Wifi, kile kikwanguo alikuwa anakiweka wapi?" Miaka 16 hajawahi kukihitaji. Tulikitafuta wote wawili tukilia.

Mnasema hakuwa akija Desemba kama Wachagga wengine. Ni kweli. Kila Desemba mnapandisha mlima na magari, mnachinja, na kiti chake kitupu. Sikukuu kazini kwake zililipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na Desemba ndiyo mwezi ambao ujumbe wa ada za Januari unaanza kuingia kwenye simu. Alikuja mara tatu: harusi yake, msiba wa baba mwaka 2010, na mwaka 2018. Ile ya 2018, pale uwanja wa ndege wa KIA alipanga foleni ya wageni akalipa dola 100 za viza ili akamwone mama yake, kwa sababu alishachukua uraia wa Marekani na sheria yetu haimruhusu mtu kubaki na wa Tanzania. Aliuchukua uraia ule ili wifi aje haraka. Aliniambia baadaye kwamba afisa alimkaribisha kwa Kiingereza, akamjibu kwa Kiswahili, wakacheka wote, lakini alipokwenda kuchukua begi machozi yalimtoka.

Na hapa ndipo lile banda la kuku linapoingia. Wakati ule asiye raia alikuwa hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Ndivyo ilivyosema Sheria ya Ardhi ya 1999. Kwa hiyo alipotaka kiwanja pale Moshi mwaka 2012, kiliandikwa jina la ndugu. Miaka mitatu alituma hela za kujenga. Alitumiwa picha za msingi, za matofali, za kuta zimefika kwenye lenta. Alipokuja 2018 alikuta msingi tu, na nyasi zimeota katikati. Picha zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine. Mhusika alikuwepo msibani. Alikula, alilia. Simtaji, kwa sababu kaka alinikataza, alisema mama akijua atakufa kabla ya siku zake. Lakini mkisema hana nyumba, mjue alishailipia.

Hiyo anayoishi wifi na watoto? Ni ya benki, mkopo wa miaka 30. Ile gari aliyopiga nayo picha ni ya mkopo vilevile. Na hapo lawama ni yetu pia, sisi wa huku. Tuliwatumia picha za bustanini na za gari linang'aa, hatukuwatumia hata moja ya saa 11 alfajiri ukisubiri basi. Tuliona aibu. Aibu ile ndiyo iliyowafanya mwamini kwamba hela inaokotwa, na mkiomba mnaomba mkijua ipo.

Alikuwa na kaunta buku. Mwalimu ni mwalimu, alilichora mistari kwa rula: tarehe, jina, shida, kiasi. Tumelifungua na wifi. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita imo. Semesta yangu ya kwanza ya uuguzi huku, 2011, imo. Macho ya mama, hospitali ya KCMC. Bati 40 za usharika. Ng'ombe wa mjomba. Nauli ya mtu aliyesema anakwenda kwenye usaili Dar. Jeneza la jirani. Sehemu kubwa ya mliokuwa pale nyuma ya jiko majina yenu yamo, na siandiki hivi ili niwadai. Nataka mjue kuna mtu alikuwa akiwaandika, kwa mwandiko mzuri, baada ya kugeuza wazee saa 8 mfululizo. Kwenye kurasa za mwisho kuna mstari mmoja unaorudi kila mwezi: "Mimi, jino." Mbele yake pa kiasi pako wazi. Miezi 14. Nilikula naye meza moja, nikaona anatafuna upande mmoja, nikadhani ni mazoea.

Mimi ni nesi. Hili ndilo zito kuliko yote kuliandika. Novemba, siku ya sikukuu yao ya shukrani, alikuja kwangu amepika mtori kwa ndizi za dukani, zile za Waliberia kule Brooklyn Park, akilalamika kwamba hazina ladha ya mshare, ndizi zetu za nyumbani. Nikampima presha mezani: 184 kwa 112. Nikamwambia kaka, twende hospitali leo. Akanipigia hesabu. Alikuwa na vibarua viwili. Kimoja kilimpa saa 28 kwa wiki, kwa sababu ukifikisha 30 sheria inamtaka mwajiri mkubwa akupe bima, na kingine ni cha wakala, hakina kitu. Bima yake alijinunulia mwenyewe, ile ya bei ya chini, ambayo kabla haijalipa matibabu makubwa wewe unatoa maelfu ya dola kwanza, na hesabu hiyo inaanza upya kila Januari. Akasema, nikilipa sasa Desemba inaisha, Januari naanza sifuri. Acha mwaka mpya. Januari ikaja na ada zake. Mimi ni nesi na nilimwacha aende.

Alifariki Februari 2025, miaka 51, kwenye gari, nje ya kazi. Alimaliza saa 1 asubuhi, akawasha gari, akalaza kiti nyuma kama alivyozoea kupumzika dakika 20 kabla ya kuendesha. Wenzake walipita wakamwona. Kwa kuwa walimjua, walimwacha apumzike. Dada mmoja wa Kisomali, aliyekuwa akifanya naye zamu, ndiye aliyerudi kumgongea kioo baada ya saa nzima.

Mwili ulikaa siku 12. Cheti cha kifo, hati ya kutiwa dawa, barua za ubalozi Washington, kisha ndege kupitia Amsterdam hadi KIA. Mnajua nani alilipa? Wasomali wa kazini kwake, Wakenya, Waliberia wa duka la ndizi, Watanzania wa miji ambayo hajawahi kufika, dola 20, dola 50. Kuna mzee wa kule nyumba ya wazee alimpa nesi noti ya dola 5 kwenye bahasha.

Neno moja tu la lawama nitawapa, halafu niache. Binti yake wa kwanza, mwenye miaka 15, alisimama kaburini akasoma Kiswahili. Baba yake alikuwa akimfundisha Jumapili usiku, siku yake pekee ya kulala nyumbani, kwenye ubao mdogo ukutani jikoni: ngeli upande mmoja, milinganyo ya hesabu upande mwingine. Aliposema "baba yangu ilikuwa inapenda sisi", watu walicheka turubai zima. Mtoto aliendelea mpaka mwisho. Usiku akaniuliza, "Shangazi, nilikosea wapi?" Nikamwonyesha. Akaandika "alikuwa anatupenda" mara kumi kwenye karatasi, kama baba yake alivyokuwa akimfanyisha, kisha akalala ameikumbatia.

Wadogo zangu mnaotaka kuja, sijawakataza. Njooni. Ila ukinipigia uniulize kazi gani, mshahara unabaki kiasi gani baada ya kodi na nyumba na bima, nitakutajia tarakimu, na ukiniambia nidanganye mbele ya baba yako sitadanganya.

Kaunta buku sasa ninalo mimi. Mwezi huu mstari wa kwanza ni wangu: presha, kipimo cha moyo, Jumanne saa 3 asubuhi, dola 140. Wa pili ni wa wifi, meno ya watoto. Mama atapata yake wiki ijayo, nimeshaongea naye.