Madoa na mikwaruzo kwenye rimu za alumini

Kaka, kabla ya kuhangaika na hayo madoa na mikwaruzo ya rimu zako, jua kwanza kama zimepigwa klia, yaani rangi ya juu inayoonyesha, ya kukinga. Sugua sehemu ndogo kwa polishi ya metali na kitambaa cheupe: kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni alumini tupu. Zioshe zikiwa zimepoa, kwa maji na sabuni ya gari. Nakusihi, pale kwa waosha magari usikubali wapake tindikali wala kostiki (soda kali). Alumini hufifia na kuingia mabaka. Kwa alumini tupu, mkwaruzo usiokwamisha ukucha, polishi inatosha. Unaokwamisha, msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ndipo polishi. Zenye klia usiziguse kwa msasa. Na ukiona ufa, usisugue kabisa, mwone fundi.